Piesi Mpya, Ugonjwa wa Zamani

Motokari yako inakupeleka kazini. Je, itakurudisha nyumbani?

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kuwasha mashine ya kampuni unafanya nini? Unaizunguka. Unaangalia mipira, unaangalia kama mafuta yanavuja, unajaribu freni, unajaza karatasi. Ukiona kasoro unamwita kapita, na mashine haitembei mpaka fundi aseme ndiyo. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna anayeicheka kazi hiyo.

Lakini posti inapokwisha, unaingia katika motokari yako mwenyewe, ile inayobeba bibi na watoto. Unageuza ufunguo na kuondoka. Taa moja inawaka mbele yako tangu mwezi uliopita. Gurudumu la mbele linalia kila unapopita juu ya shimo. Mwenzako akikuuliza, unamjibu: "Fundi alikwisha kubadilisha piesi ile. Ni mpya."

Leo ukurasa wetu unasema neno moja: piesi mpya si dawa kama ugonjwa haujajulikana. Piesi ikifa mara moja, labda ilikuwa imezeeka. Ikifa mara mbili au tatu, kuna kitu kinachoiua. Mtafute muuaji kwanza, kisha ndipo ununue. Ukifanya kinyume, utalipa fundi, utalipa muuza piesi, na siku moja utalipa kwa damu.

MOTOKARI ZETU NI ZA AINA GANI?

Nyingi kati ya motokari ndogo tunazoziona Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilitumiwa kwanza huko Japani. Zinateremshwa bandarini, mara nyingi Dar es Salaam, zinapita Zambia, na zinaingia kwetu Kasumbalesa. Tutwae mfano wa Toyota IST, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Ni motokari ya kisasa: ina ordinateri inayoongoza motere, ina bobini moja juu ya kila buji, ina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva. Lakini ya kisasa haina maana ya changa. Zile za kwanza zimekwisha kupita miaka 20. Mpira, plastiki na nyaya zake vimezeeka hata kama rangi inang'aa.

Tena, nyingi zina usukani upande wa kuume, na sisi katika Kongo tunaendesha kwa kuume. Dereva anakaa karibu na ukingo wa barabara, haoni mbele akiwa nyuma ya lori. Kwa hiyo motokari hizi zinahitaji freni, mipira na usukani vilivyo vizima kuliko nyingine, kwa sababu dereva anaona hatari kwa kuchelewa. Ukiwa nyuma ya lori la shaba au la asidi, kaa mbali. Usimwachie abiria wako kazi ya kukuambia "pita!"

MOTERE INAYOCHEMKA KILA MARA

Kasoro ya kwanza inayorudi ni joto. Motere inachemka, fundi anabadilisha jointi ya kichwa cha motere. Baada ya miezi miwili inachemka tena, anabadilisha tena. Mara ya tatu kichwa chenyewe kimepinda, kwa maana ni cha aluminiamu, na aluminiamu haivumilii joto kupita kiasi. Fedha ya masomo ya watoto imekwisha kwenda garajini.

Muuaji ni nani? Mara nyingi ni kitu kidogo. Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi iko juu zaidi. Huku kwetu maji katika sufuria yanachemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Kifuniko cha radiateri kinayabana maji ili yaweze kupita digrii 110 bila kuchemka. Mpira wa kifuniko hicho ukikatika, au ukifunga radiateri kwa kitambaa na kijiti, maji yanachemka upesi na kutoka. Hapo motere imeunguzwa na kifuniko ambacho bei yake ni ndogo sana kuliko bei ya jointi.

Muuaji wa pili ni maji ya bomba au ya kisima. Yanaleta kutu na chokaa, yanaziba mirija myembamba ya radiateri, na yanakula pampu ya maji. Tumia maji maalum ya radiateri, na usichanganye rangi mbili bila kujua ni za aina gani.

Muuaji wa tatu ni kuondoa termosta. Mafundi wengi wanasema, "Hapa ni nchi ya joto, termosta haina kazi." Sivyo. Termosta inafunga njia ya maji mpaka motere ipate joto lake la kazi, kisha inafungua. Bila hiyo, ordinateri inadhani motere ni baridi siku zote, inatia esanse nyingi, nayo motere inachakaa upesi. Kuondoa termosta ni kuficha homa bila kumponya mgonjwa.

Na jambo hili mkumbuke ninyi nyote, hata watoto: usifungue kamwe kifuniko cha radiateri wakati motere ni ya moto. Maji yanaruka usoni na kuunguza macho. Zima motere, ungoja angalau nusu saa, funika kwa kitambaa kizito, kisha fungua polepole.

TAA YA MOTERE: SHAHIDI, SI HAKIMU

Taa ya motere ikiwaka, fundi analeta chombo cha kupima. Chombo kinaandika namba, kwa mfano P0302. Fundi anasema, "Ununue bobini." Unanunua, taa inazimika. Baada ya majuma matatu inawaka tena.

Ndugu, namba ile haikusema "bobini imekufa". Ilisema tu kwamba silinda ya pili haiwashi vema. Ni shahidi anayekuonyesha nyumba ya wizi, lakini hakukutajia mwizi. Kuna njia ya kujua ambayo haina gharama. Motere ya IST ina silinda nne na bobini nne zinazofanana. Toa bobini ya silinda ya pili, uitie kwenye ya tatu, na ile ya tatu uitie kwenye ya pili. Futa namba, endesha kidogo, pima tena. Kama sasa chombo kinaandika P0303, kosa limeifuata bobini: ununue. Kama bado kinaandika P0302, bobini haina kosa: tazama buji, tazama enjekteri, pima nguvu ya silinda.

Na kama bobini zinakufa moja baada ya moja, tazama ndani ya shimo la buji. Ukikuta mafuta mle ndani, jointi ya kifuniko cha juu cha motere inavuja. Ukikuta maji, kuna mtu anayeosha motere kwa maji mengi. Huyo ndiye muuaji wa bobini. Hata ununue bobini kumi, zitakufa zote.

Wakati wa kipwa, vumbi la njia za machimbo linaziba filtere ya hewa. Filtere iliyozibwa au iliyopasuka inaleta namba nyingi za uongo. Anza nayo, kwa maana ni rahisi. Daktari mwema anapima kabla ya kukata.

MAGURUDUMU NA USUKANI

Hapa hatusemi tena juu ya fedha. Tunasema juu ya uhai.

Chini ya motokari, gurudumu la mbele linashikwa na rotile, yaani kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Rotile imevikwa kofia ya mpira iliyojaa grisi. Kofia ikipasuka, vumbi la kipwa linaingia, kisha maji ya mvua, na chuma kinajisaga. Siku rotile inapotoka katika kikombe, gurudumu linalala chini na motokari inaanguka upande huo. Kama ulikuwa kwenye kilometa 10 kwa saa, mshukuru Mungu. Kama ulikuwa kwenye kilometa 90 kati ya Likasi na Kolwezi, hutapata nafasi ya kuomba.

Namna ya kupima ni hii. Inua gurudumu, utie vitegemeo imara chini ya motokari. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, kosa liko kwenye rotile au kwenye rulima ya gurudumu. Kisha ulishike kushoto na kuume. Likicheza, tazama viungo vya usukani. Mwenzako akiangalia chini wakati unapotikisa, ataona ni kiungo gani kinachocheza. Dakika tano zinatosha.

Kama rotile mpya inakufa kila baada ya miezi michache, uliza maswali haya. Je, ni ya bei rahisi isiyo na jina? Je, fundi aliipiga nyundo na kuipasua kofia yake? Je, motokari inabeba watu wanane na magunia ya makala, nayo ilitengenezwa kwa watu watano? Je, baada ya kazi magurudumu yalinyooshwa kwa mashine? Magurudumu yasiyonyooka yanakula mipira, na dereva analaumu mipira.

FRENI

Plaketi za freni zikiisha upande mmja tu, kulia zikiwa nene na kushoto nyembamba, kubadilisha plaketi hakutoshi. Pistoni ya etriye au vijiti vyake vimeshikwa na kutu, gurudumu linabanwa siku zote. Fundi akitia plaketi mpya bila kusafisha na kutia grisi yake maalum, zitaisha tena, na motokari itavuta upande mmoja siku utakapokanyaga freni kwa nguvu mbele ya mtoto wa shule.

Badilisha plaketi za magurudumu yote mawili ya mbele kwa mara moja. Usingoje chuma kikwaruze chuma. Zikibaki milimeta 3, wakati wake umefika.

Mafuta ya freni nayo yanazeeka. Yanavuta unyevu wa hewa hata kama kikopo kimefungwa. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 yanachemka kwenye digrii 205 au zaidi. Yakiisha kunywa maji, kipimo cha chini kinashuka mpaka digrii 140. Katika mteremko mrefu na mzigo mzito, freni zinapata joto, mafuta yanachemka, mapovu yanaingia mirijani, na pedali inazama mpaka chini bila kushika. Yabadilishe kila miaka miwili. Usitie kamwe mafuta ya motere katika freni, hata tone: yanavimbisha mpira wote wa ndani na kuuharibu.

MIPIRA

Mpira unasema umri wake. Tazama ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna namba nne. Ukisoma 2319, ulitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wa okazio wenye miaka kumi na zaidi unaweza kuwa na meno marefu bado, lakini ndani umekauka. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, au uvimbe, uuache pale pale. Tena, motokari nyingine zinatoka Japani na mipira iliyotengenezwa kwa theluji. Ni laini, haifai kwa barabara yenye joto.

MFUKO WA HEWA UNAOWEZA KUUA

Jambo hili wachimbaji wataelewa kuliko watu wengine. Mfuko wa hewa katika usukani unajazwa na kidonge cha dawa kinachowaka kwa ghafula wakati wa kugongana. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia nitrati ya amoni, ndugu ya ile tunayoijua katika kazi ya kupasua miamba. Kila mtu wa baruti anajua kwamba nitrati haipendi unyevu. Katika motokari, joto la mchana, baridi ya usiku na unyevu wa miaka mingi vilivunja vidonge vile. Vikiwaka, vinawaka haraka mno. Kikopo cha chuma kinapasuka, na vipande vinaruka kama risasi kwenye shingo na uso wa dereva.

Honda iliziita motokari za kwanza kutengenezwa upya mwaka 2008, na mwaka 2009 mtu wa kwanza alikufa kwa sababu hiyo huko Marekani. Tangu hapo, Marekani pekee, watu zaidi ya 25 wamekufa. Makumi ya milioni ya motokari yaliitwa dunia nzima, na kati yao kulikuwa Toyota Corolla na Vitz na Honda Fit za miaka ya 2000. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Lakini barua ya kuita motokari ilikwenda kwa mwenye nayo kule Japani. Wewe uliyeinunua Kasumbalesa hukupata barua.

Fanya hivi. Andika namba ya shasi, umwombe mtu mwenye intaneti aitafute katika ukurasa wa kiwanda, au uulize kwa mwakilishi wa alama hiyo. Usiufungue mfuko wewe mwenyewe, wala fundi wa barabarani asiufungue: ni baruti. Usinunue mfuko uliotolewa katika motokari iliyogongwa. Taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka unapogeuza ufunguo, kisha kuzimika baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, inawezekana muuzaji aliitoa ili kukudanganya.

PIESI GANI YA OKAZIO, PIESI GANI HAPANA?

Piesi za okazio zinazoweza kukubaliwa, baada ya kuzitazama vema: mlango, kioo, kiti, taa, kishikio, hata altaneta iliyopimwa.

Piesi za okazio zinazokatazwa: plaketi na mirija ya freni, rotile na viungo vya usukani, mifuko ya hewa, mikanda ya usalama. Hizi zinashika uhai, nunua mpya. Na kama huwezi kununua leo, basi motokari ilale leo. Panda basi.

Sokoni usiende na neno tu. Nenda na piesi ya zamani mkononi na namba ya shasi mfukoni. Linganisha uzito, namba na matundu. Sanduku lenye jina kubwa lililoandikwa vibaya, bei iliyo nusu ya bei ya kila mahali, ni dalili ya udanganyifu. Mwambie fundi akurudishie piesi aliyoitoa. Fundi mwaminifu hatakasirika.

KAZI YA NYUMBANI KAMBINI

Siku ya mungu wengi wanajitengenezea motokari uani. Si vibaya, lakini sheria za shimoni zinafuata mpaka nyumbani.

Usiingie kamwe chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Tia vitegemeo vya chuma au magogo mapana, na mawe nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Usitumie matofali: yanapasuka bila kusema.

Usipulize vumbi la freni kwa mdomo wala kwa kompresa. Plaketi za zamani na nyingine zisizojulikana zinaweza kuwa na amianti, nayo inaharibu mapafu sawa vile vumbi la mawe linavyofanya, polepole na bila dawa. Futa kwa kitambaa chenye maji, kisha ukitupe.

Usiwashe motere katika chumba kilichofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu usingizi wa mwisho. Kama abiria wa nyuma wanaumwa kichwa kila safari, tazama bomba la moshi: limetoboka.

Mama wa nyumbani, usikubali batri ya zamani ifunguliwe uani au risasi yake iyeyushwe jikoni. Asidi inaunguza ngozi, na vumbi la risasi linaingia katika damu ya watoto na kuharibu akili yao. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto.

DAFTARI MOJA TU

Mwisho, nunua daftari la watoto wa shule. Liweke katika motokari. Kila piesi inayobadilishwa, andika siku, kilometa, bei, jina la piesi, na neno moja zaidi: kwa nini ilikufa. Kama fundi hawezi kujibu swali hilo la mwisho, kazi haijakwisha, hata kama motokari inatembea.

Baada ya mwaka mmoja daftari litakuambia yote. Utaona bobini tatu, rotile nne, jointi mbili. Utahesabu fedha, na utajua ni muuaji gani uliyemlisha mwaka mzima. Bibi yako naye alisome daftari hilo, kwa kuwa ni fedha ya nyumba na ni maisha ya nyumba.

Ajali ikitokea kazini, hatusemi tu "badilisha kamba iliyokatika". Tunauliza kamba ilikatwa na nini, nani aliiona jana, kwa nini hakusema. Motokari yako inastahili maswali hayo hayo. Kesho asubuhi, kabla ya kugeuza ufunguo, izunguke mara moja.

Uliza kwanza, nunua baadaye, ufike salama.